Jina la konte ya barua pepe si mambo ya mapambo



Tunajua wengi watasoma hicho kichwa na kucheka. Maji haitoki ku robine, umeme unakuja saa ya usiku watu wamelala, barabara iko na mashimo, na sisi tunakuja kuwasemesha juu ya jina linaloonekana upande wa kushoto wa programu ya barua pepe? Ndiyo, tunakuja kusema juu ya ile jina. Kazi yetu kubwa, mbali na kusimama barabarani, ni kuandika: barua kwa meya, barua kwa gavana, barua kwa wabunge, majibu kwa wamama wanaotuletea malalamiko yao. Barua inayotoka na jina la mchezo inatuchekesha sisi na inamuchekesha meya. Barua inayotoka ku konte isiyo yake inaweza kumupeleka mutu mu gereza. Na kati ya ile mambo mbili kuna klike moja tu.

Tuanze na programu yenyewe, juu wengine hawajaizoea. Vijana wengi wanasoma barua zao ku telefone ao mu navigatere, basi. Lakini wale wanaobeba konte za kikundi, tunawaomba watumie programu inayokaa ndani ya ordinatere, na ile tunayopendelea ni Thunderbird. Ni ya bure, kodi yake iko wazi kwa kila mutu, inatembea ku Windows, ku Mac na ku Linux, hata ku mashini za zamani zile tunanunua za mukono wa pili. Ilitoka toleo lake la kwanza mu Desemba 2004, chini ya Mozilla, na mpaka leo inaendelea kufanyiwa kazi.

Sababu yetu ya kweli haiko bei. Mukumbuke tarehe 31 Desemba 2018, siku moja nyuma ya kura. Intaneti ilikatwa inchi nzima na ilirudi karibu majuma matatu nyuma yake, mu Januari 2019. Mu Januari 2015 pia ilishakatwa, wakati watu waliandamana juu ya sheria ya uchaguzi. Mwenye barua zake zote ziko mu navigatere, siku ile hana kitu: hana anwani, hana barua za zamani, hana ushahidi. Lakini Thunderbird, usipoigeuza, inashusha kopi ya mesaji ku diski ya mashini yako. Intaneti ikikatwa unasoma kama kawaida, unaandika kama kawaida, mesaji inangoja ndani, na koneksio ikirudi unaituma. Tena inakula mega kidogo kuliko kufungua ukurasa ule ule mara kumi kwa siku. Kwa mwenye kununua mega za franga 500, hiyo ni hesabu.

Sasa tuingie mu jambo.

Ndani ya Thunderbird kuna majina mbili, na karibu watu wote wanaichanganya. Ile ya kwanza inaitwa, ku ekra ya Kifransa, « Nom du compte ». Ya pili inaitwa « Votre nom ». Zinakaa ku ukurasa moja, moja juu, ingine chini kidogo. Ukiangalia haraka unawaza ni kitu kimoja. Hapana, si kimoja hata kidogo.

« Nom du compte » ni jina unajipatia wewe mwenyewe, kwa macho yako. Ni kama ile alama ya rangi unapaka ku bidon yako ya njano, ili usiichanganye na ya jirani pale wote munapanga mustari ku robine. Alama ya bidon haibadilishi maji ya ndani, na mutu wa mutaa mwingine hana habari nayo. Kwa hiyo jina la konte haitoki mu mashini yako. Haisafiri na barua. Unaweza kuiita « Kikundi », unaweza kuiita « Bidon », mwenye kupokea barua hataijua.

« Votre nom » ni kinyume chake. Ile ni jina unaandika nyuma ya bahasha. Kila barua inatoka nayo, na mwenye kupokea ndiyo ataiona ya kwanza, mbele hata ya kusoma neno moja ulilomuandikia.

Mutu akitaka kubadilisha jina linaloonekana kwake, anaenda kubadilisha « Votre nom », anawaza amefanya kazi yake vizuri, na kumbe amebadilisha jina ambalo inchi nzima inaona. Mwingine anataka barua zitoke na jina la kikundi, anabadilisha « Nom du compte », anafurahi kuona jina zuri pale kushoto, na barua zinaendelea kutoka na jina lake la utoto. Tumeona zote mbili. Mu kikundi moja, barua kwa ofisi ya serikali juu ya takataka za soko ilifika na jina « Bébé Chou ». Ilikuwa barua nzuri, yenye tarehe na yenye picha. Sekretere wa pale alipiga telefone kuuliza kama ni mchezo.

Kwa wale hawajawahi kufanya, njia iko fupi. Ku upande wa kushoto, pale dosie zote zinapangwa, kila konte inaonekana na jina lake. Usipogusa kitu, jina lile ni anwani nzima ya barua pepe, na herufi zake zote. Fanya klike ya kuume juu ya ile jina, chagua « Paramètres ». Ukurasa unafunguka, na kisanduku cha kwanza kabisa ni « Nom du compte ». Futa anwani, andika jina unalotaka, funga. Imeisha. Haiombi koneksio, haiombi neno la siri, mesaji hata moja haipotei. Ukichoka na jina, unarudi na kubadilisha tena. Wale wenye konte tatu ao ine wanaweza pia, ku matoleo ya sasa, kukokota konte ndani ya ule ukurasa wa parametre ili kuipanga kwa utaratibu wanaotaka.

Kwa nini tunataka kila mwenye konte ya kikundi aifanye? Fikirieni mukutano. Tuko watu 40 mu sale, mtu analeta mashini yake, tunaifunga ku projektere ili tuonyeshane ripoti. Anafungua Thunderbird kutafuta ile faili. Na pale, ukutani, kwa herufi kubwa kama za bango, watu wote 40 wanasoma anwani zote tatu: ya kwake mwenyewe, ya kikundi, na ile anwani ambayo tunaipatia tu watu wanaotuletea mambo mazito. Mu sale kuna wageni. Kuna telefone za kupiga picha. Hakuna mutu aliyeiba kitu, hakuna virusi, anwani imetoka yenyewe. Na anwani ndiyo mwanzo wa kila shida: bila anwani hawawezi kujaribu maneno ya siri, hawawezi kukutumia mutego wenye jina la rafiki yako. Ni vile vile mu siberi, pale jirani anasoma ekra yako kuliko yake, na ni vile vile mu bisi ya Kinshasa kama uko na mashini ku magoti.

Lakini tuseme ukweli wote, juu hatupendi kuuza dawa ya uongo. Kubadilisha jina la konte kunazuia macho ya mutu aliye karibu. Hakumuzuii mutu aliyeshika mashini yako mu mikono. Ndani ya diski, anwani ya kweli inabaki imeandikwa mu faili za parametre, dosie ya mesaji inabaki na jina la servere, na kila mesaji yenyewe inabeba anwani ndani yake. Kamarade anayebatiza konte « Duka la mama » akiwaza kwamba wakikamata mashini hawataona kitu, anajidanganya. Hata neno la siri kuu la Thunderbird linalinda tu maneno ya siri yaliyowekwa; mesaji zenyewe zinabaki wazi ku diski. Kwa shida ile kuna dawa ingine, kufunga diski nzima kwa neno la siri, na tutaiandikia maandiko yake peke yake. Hapa tunasema juu ya macho tu. Macho nayo ni mengi.

Sasa jina gani? Hapa vijana wetu wanapenda kuchezea, na tunawaelewa, lakini hatukubali yote. Kuna wale wanaweka « Siri ». Kuna mumoja aliweka « Mashahidi ». Wandugu! Ukiandika « Siri » juu ya sanduku, kila mwizi ataanza na lile sanduku. Jina lazima liwe la kazi, baridi, lisilomupatia mutu hamu: « Barua », « Ofisi », « Masomo ». Na kuna kosa la upande mwingine, la wale wanaopenda utaratibu: « Kazi 1 », « Kazi 2 », « Kazi 3 ». Saa tano ya usiku, macho yamechoka, batri iko asilimia 9, nani atatofautisha 2 na 3? Majina yasifanane. Herufi ya kwanza isifanane. Urefu usifanane. Ndiyo maana ya alama ya bidon: uijue hata mu giza.

Na hii inatupeleka ku jambo lile zito kuliko yote.

Mama moja anaandika. Anasema mutu fulani mwenye cheo alimuomba franga ili mtoto wake apate karatasi ambayo sheria inasema ni ya bure. Anaandika ku anwani yetu ya malalamiko, juu ameambiwa kwamba watu wawili tu ndio wanaisoma. Unamujibu. Kama unafanya « Répondre », Thunderbird inajibu kwa konte ile ile iliyopokea barua, na hiyo iko vizuri. Lakini juma moja nyuma unataka kumuuliza kitu kingine, unaanza mesaji mupya. Mesaji mupya inaanza na konte ambayo uko ndani yake wakati ule. Kama ulikuwa unasoma barua zako mwenyewe, inatoka na anwani yako na jina lako kamili. Kama hauko ndani ya konte yoyote, inatoka na ile iliyowekwa kama konte ya kwanza. Mama yule anatumia telefone ambayo bwana yake anaisoma, ama mutoto wa jirani, ama ndugu anayefanya kazi ku ofisi ile ile aliyoishitaki. Jina lako, ambalo mutaa wote unalijua kuwa la mutu wa kikundi, linaonekana juu ya ekra yake. Hakuna haja ya kufungua mesaji. Jina limetosha.

Juu ya dirisha la kuandika kuna mustari wa mutumaji. Inaonyesha jina na anwani itakayotoka, na ukiifinya unaona konte zote na unaweza kubadilisha mbele ya kutuma. Wengi hawajawahi kuangalia pale. Wanaanza moja kwa moja na anwani ya mwenye kupokea, juu ndiyo wanayofikiria. Sisi tunasema: jicho la kwanza liende ku mutumaji. Na konte ya malalamiko isiwekwe hata siku moja kama konte ya kwanza ya mashini. Ya kwanza iwe ile ya barua za kila siku, ile ambayo ikitoka kwa makosa haimuumizi mutu.

Kuna mabishano ndani yetu juu ya « Votre nom », na tunayaweka hapa wazi, juu hatuko chama cha kuficha mabishano. Upande moja unasema: sisi ni watu wa uso wazi, tunatia sahihi kwa majina yetu ya kweli, tumekamatwa kwa majina yetu ya kweli, kwa hiyo barua itoke na jina la mutu aliyeiandika. Upande mwingine unasema: konte ya kikundi ni ya kikundi, na mutu akiweka jina lake pale, nyuma ya miezi sita ofisi zote za muji zinamuwaza yeye ndiye prezida, wanamuita yeye peke yake, wanamualika yeye peke yake, na kesho wanamununua yeye peke yake.

Upande wa pili ndio tunaousimamia. Tumeona ginsi inavyokwenda. Kijana hakutaka ukubwa, alikuwa tu na mashini na koneksio nzuri. Jina lake lilikuwa ku kila barua, na watu wa nje ndio walimufanya mukubwa. Siku alihama kwenda masomo, barua ziliendelea kuandikwa « Mheshimiwa fulani » kwa jina lake, na wenzake walipojibu waliulizwa: wewe ni nani? Jina la mutu liwe chini ya barua, ndani ya karatasi, pamoja na sahihi za wengine: pale ndipo uso wazi unakaa. Nyuma ya bahasha liwe jina la kikundi na la muji. Kwa konte ya malalamiko, hata jina la kikundi lisiwe pale: neno moja la kazi linatosha, « Mapokezi » kwa mufano.

Na kuna shida ndogo ambayo wengi hawaijui. Konte moja ya kikundi mara nyingi iko ku mashini tatu, juu watu watatu wanapokezana. Mesaji zinafanana ku mashini zote tatu, dosie zinafanana, kwa hiyo watu wanawaza kila kitu kinafanana. Lakini « Votre nom » na « Nom du compte » havitembei na mesaji. Kila mashini iko na yake, ginsi mutu alivyoandika siku ya kwanza pale programu ilimuuliza jina lake kamili. Ndiyo maana anwani moja inatoa barua Jumatatu kwa jina la kikundi, Jumatano kwa jina la kijana, na Ijumaa kwa jina bila herufi kubwa. Mwenye kupokea anawaza sisi ni watapeli, na tungekuwa mu nafasi yake tungewaza vile vile. Kwa hiyo mukibadilisha, mubadilishe ku mashini zote tatu siku moja, mukiwa pamoja, na mutu moja asome herufi kwa sauti. Na ule anayefungua konte ile ile ku navigatere aangalie pia kule, juu kule jina ni lingine tena.

Musingoje kwamba kubadilisha leo kutasafisha ya jana. Barua iliyotoka imetoka na jina ililokuwa nalo. Zaidi ya ile, Thunderbird ya mwenye kukujibu inaweka anwani yako yenyewe mu kitabu cha « Adresses collectées », na jina lililokuwa juu ya barua. Yule sekretere wa takataka, kama anatumia programu hii, atakuona « Bébé Chou » mpaka siku atakapolibadilisha kwa mukono wake. Ni sababu ya kufanya mapema.

Tunafika ku upande mwingine wa jambo: majina ya wengine, yale tunayoyaona sisi. Kama wewe unaweza kuandika lolote mu « Votre nom », basi kila mutu anaweza. Hakuna anayehakikisha. Kanuni ambazo barua pepe inasafiri nazo ziliandikwa mu 1982, wakati wenye kuitumia walikuwa wachache na wengi wanajuana. Nyuma yake waliongeza ulinzi, ile inaitwa SPF, DKIM na DMARC, na inasaidia kweli: inaangalia kama barua imetoka kweli ku domeni inayoisema. Lakini inaangalia domeni, haiangalii jina. Mutu akifungua leo anwani ya bure, akaandika mu « Votre nom » jina la kikundi chenu na muji wenu, barua yake itapita ulinzi wote bila shida, juu kwa upande wa domeni hajadanganya kitu. Itafika kwenu na jina lenu wenyewe, ikisema mukutano umesogezwa, ama ikiomba orodha ya watakaokuja na namba zao za telefone.

Sheria iko, tunajua. Inchi yetu iko na Code du numérique tangu ordonnance-loi 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023. Lakini sheria haikai ku ekra yako Jumapili usiku ukisoma ile mesaji.

Kwa hiyo ginsi Thunderbird inaonyesha majina ni jambo la kulinda watu. Ku orodha ya mesaji, kwa kawaida inaonyesha jina tu. Ukifungua mesaji, kuna sheria moja ya ndani: kama anwani ya mutumaji iko mu kitabu chako cha anwani, inakuonyesha jina tu, na jina lenyewe ni lile uliloandika wewe mu kitabu. Kama anwani haiko mu kitabu, inakuonyesha jina pamoja na anwani. Musome tena hiyo, juu ina faida yake. Kama umezoea kuona « Ofisi ya Bukavu » peke yake, na leo unaona « Ofisi ya Bukavu » ikifuatwa na anwani ndefu, maana yake ni kwamba barua imetoka ku anwani ambayo mashini yako haiijui. Inaweza kuwa wamefungua anwani mupya. Inaweza kuwa mutu mwingine kabisa. Usijibu, piga telefone kwanza.

Tatizo ni kwamba hiyo alama inaomba macho makali, na hatuwezi kujenga usalama wa watu juu ya macho makali ya kijana aliyelala saa ine. Tunapendelea njia nyepesi: anwani ionekane kila mara, kwa kila mutu. Mu parametre ya jumla, upande wa kusoma mesaji, kuna kisanduku kinachosema kuonyesha tu jina kwa watu walio mu kitabu cha anwani. Kitoleeni alama. Na ku matoleo tangu 2022, ukifungua mesaji, juu yake kuna kidude cha vitendo vingine, ndani yake unaweza kupanga kichwa cha mesaji na kuchagua anwani nzima ya mutumaji ionekane daima. Kinakula nafasi kidogo ku ekra. Wenye ekra ndogo watalalamika, na tutawaacha walalamike.

Ku telefone mambo ni magumu zaidi, juu programu nyingi za telefone zinaonyesha jina kubwa na kuficha anwani mpaka ufinye juu yake. Hatuombi mutu aache telefone, hakuna atakayetusikia. Tunaomba kitu kimoja: mesaji inayobadilisha saa ao mahali pa mukutano, inayoomba orodha ya majina, ao inayoomba franga, isijibiwe ku telefone. Ingoje mashini, ao sauti ya mutu unayemujua.

Kamarade mumoja alitujibu: mbona yote hii, sisi tuko ku WhatsApp. Sawa, tuko ku WhatsApp, na hata haya maandiko mutayapata pale. Lakini barua kwa waziri haiendi ku WhatsApp. Ofisi inayotaka kukukatalia itafurahi sana kusema haikupokea kitu. Na telefone inaibiwa: ikienda na mazungumzo yako ya miaka miwili, na hukuweka kopi, umebaki na nini mukononi? Konte ya kikundi iliyopangwa vizuri inapita toka mutu moja kwenda mwingine na barua zake zote tangu siku ya kwanza. Ndiyo maana tunaipigania.

Tunaomba kila kikundi cha muji kifanye hii mbele ya mwisho wa mwezi. Mukae pamoja, wale wote wanaobeba konte, na mashini zao. Mukubaliane majina ya konte kwa sauti, musiyaandike mu grupu. Mukubaliane « Votre nom » herufi kwa herufi, na hiyo muiandike, juu ni ya wazi. Muangalie konte gani ni ya kwanza ku kila mashini. Kisha kila mumoja atume mesaji moja kwa mwenzake, na mwenzake amusomee jina aliloliona na anwani aliyoiona. Dakika 20 zinatosha kama hamubishani. Wandugu wa siku ya kwanza walibishana saa mbili juu ya kama muji unaandikwa mbele ao nyuma ya jina la kikundi. Ulikwenda nyuma.

Mwenye kukwama alete mashini yake Jumamosi, pale pa kawaida, saa nane mpaka saa kumi na moja. Alete na chaja. Umeme hatuahidi.